UZI: John Finnis, Mkatoliki wa falsafa na sheria aliyeandikia Malawi kitabu chake kikubwa

#1

Wakuu, heri ya Jumapili.

Uzi huu ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Mwenye swali aulize katikati, asisubiri nimalize.

Nataka tumzungumzie John Finnis. Waliosoma sheria wamekutana naye kwenye falsafa ya sheria: kurasa mbili tatu za mhadhara, swali moja la mtihani, basi. Waliopita falsafa kwenye seminari za Ntungamo au Kibosho wanamjua vizuri Mtakatifu Thoma wa Akwino, yule mwanafalsafa na mwanateolojia wa karne ya 13, lakini huyu aliyemrudisha Thoma kwenye vitivo vya sheria vya zama zetu wengi hawamjui. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu sisi wa ukanda huu tunayo sababu ya kumsoma ambayo watu wa Oxford hawana. Kitabu chake kikubwa kuliko vyote, sehemu kubwa alikiandikia Malawi, kati ya 1976 na 1978, akiwa profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Malawi. Malawi ile ya Kamuzu Banda. Kwa sisi wa Mbamba Bay hiyo ni ng'ambo ya ziwa tu.

Kwanza mtu mwenyewe. Amezaliwa 28 Julai 1940, Adelaide, Australia Kusini. Sheria aliisomea hapohapo Adelaide, akapata ufadhili wa Rhodes, akatua Oxford mwaka 1962, University College. Mwaka huohuo akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Alikuwa na miaka 22. Hili naliweka mapema kwa sababu wapo wanaodhani Finnis ni Mkatoliki wa kurithi ambaye maisha yake yote amekuwa akitetea alichofundishwa utotoni. Hapana, aliingia akiwa mtu mzima, msomi, na kwa hiari yake.

Shahada ya uzamivu aliimaliza 1965. Mada yake ilikuwa mamlaka ya mahakama, hasa chini ya katiba ya shirikisho la Australia. Kwa hiyo msimuone kama mwanafalsafa aliyeivamia sheria kutoka nje. Alianza na katiba, kesi na mipaka ya mahakama. Akafundisha Berkeley kule California kwa mwaka mmoja, kisha 1966 akarudi University College kama mwalimu, na mwaka 1970 akasajiliwa kuwa wakili kupitia Gray's Inn, London.

Mwaka huo wa 1966 ndipo kulipotokea jambo ambalo naomba mlitulie.

#2 (mleta uzi, inaendelea)

Oxford ya wakati ule, falsafa ya sheria ilikuwa na jina moja kubwa: H.L.A. Hart. Kitabu chake cha 1961 kuhusu dhana ya sheria kilikuwa kimebadilisha somo zima. Kwa kifupi sana, Hart alifundisha kwamba kuwepo kwa sheria ni jambo moja, na uzuri au ubaya wake ni jambo jingine. Ukitaka kujua kama kitu fulani ni sheria, angalia kama kimepita kwenye kanuni ambazo maofisa wa nchi ile wanazitambua. Haki yake utaipima baadaye, kwa mizani nyingine. Hart alitoka ukoo wa Kiyahudi na hakuwa mtu wa dini.

Basi Hart ndiye alikuwa mhariri wa mfululizo wa vitabu vya sheria vya Clarendon. Akamwita kijana wa miaka 26, Mkatoliki wa miaka minne tu, akamwomba amwandikie kitabu kuhusu sheria ya asili, yaani fundisho kwamba yapo mema na haki ambazo akili ya binadamu inazitambua, na sheria za nchi hupimwa kwa hizo. Yaani ile shule ambayo Hart mwenyewe alikuwa anaipinga. Hata jina la kitabu alilitoa Hart: Natural Law and Natural Rights.

Mimi nikilifikiria hili naona heshima kubwa ya usomi. Mzee alitaka hoja ya upande wa pili iandikwe vizuri kuliko ilivyokuwa imeandikwa, na akamtafuta mtu wa kuiandika. Ni vyuo vingapi kwetu ambapo profesa anamwagiza kijana aandike kitabu cha kumpinga, kisha akakichapisha katika mfululizo wake?

Kijana hakukimbia. Kitabu hicho, ndicho kile alichokiandikia Malawi, kilitoka 1980. Miaka 14 tangu aombwe.

#3 (mchangiaji)

Mkuu, nimekaa mbele kabisa. Ila swali: Mkatoliki akiandika kitabu cha sheria, si atakuwa analeta katekisimu mahakamani? Mimi ni Mwislamu, au hata kama ningekuwa sina dini, kitabu hicho kinanihusu nini?

#4 (mleta uzi)

Swali zuri sana, na ndilo linalowafanya wengi wamwache kabla hawajamfungua.

Kitabu kina sura 13. Mungu ana sura yake, na sura hiyo ni ya 13, ya mwisho kabisa. Sura 12 za mwanzo zimejengwa bila kumtaka msomaji aamini chochote cha dini. Finnis anaanza na swali ambalo kila mtu analo: ninapofanya jambo kwa akili, si kwa kusukumwa na hofu au tamaa tu, natafuta nini? Anajibu kwamba yapo mema ya msingi ambayo hayahitaji kuthibitishwa kwa kitu kingine, kwa kuwa yenyewe ndiyo sababu ya mwisho ya sisi kutenda. Anayataja saba: uhai, maarifa, mchezo, kuonja uzuri, urafiki na ushirika wa watu, busara ya utendaji, na dini. Baadaye sana, katika maandishi mengine, aliongeza ndoa.

Msiruke mchezo. Mwanasheria mzito wa Oxford anaweka mchezo safu moja na uhai na maarifa! Hoja yake ni kwamba watu wa kila jamii hufanya mambo ambayo hayana faida nje ya kuyafanya kwenyewe, na hiyo ni sehemu ya maisha kamili ya binadamu. Watoto wa kijijini wakisukuma gurudumu barabarani hawahitaji kutueleza wanapata nini.

Kuhusu maarifa ana hoja moja ambayo nikiwafundisha vijana huwa nainukuu kwa maneno yangu. Mtu akisimama akasema kwa dhati kwamba kujua ukweli hakuna thamani yoyote, muulize kwa nini ametuambia. Ametuambia kwa sababu anaona ni jambo la kweli na linafaa kujulikana. Amejiangusha mwenyewe. Sura ya tatu yote ni hiyo, na sijaona aliyeibomoa kirahisi.

Na dini kwenye orodha ile haimaanishi Ukatoliki. Anamaanisha lile jambo la mtu kujiuliza chanzo cha vyote ni nini, na kuyapanga maisha yake kulingana na jibu atakalolipata. Hata asiyeamini amelijibu swali hilo kwa namna yake. Kwa hiyo mkuu, kitabu kinakuhusu. Kwa mawazo yangu ndiyo maana kimesomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga kanisani.

Tena ni vizuri ujue kwamba waliompinga mapema na kwa nguvu ni pamoja na Wakatoliki wenzake. Kina Ralph McInerny na Russell Hittinger walisema ameikata sheria ya asili kutoka kwenye asili yenyewe. Wao waliona lazima uanze na elimu ya maumbile ya mwanadamu, na hatimaye umfikie Mungu, ndipo upate wajibu. Finnis akajibu kwamba huwezi kutoa "inapaswa" kutoka kwenye "ipo", na kwamba hata Thoma hakufanya hivyo: kanuni za kwanza za utendaji zinajulikana zenyewe. Mjadala huo unaendelea hadi leo kwenye seminari na vyuo vikuu. Mwenzake mkubwa katika kazi hiyo alikuwa Germain Grisez, Mmarekani, na pamoja nao Joseph Boyle. Watatu hawa ndio wanaoitwa shule mpya ya sheria ya asili.

#5 (mleta uzi, inaendelea)

Sasa Malawi.

Mwaka 1976 Finnis anafika. Chuo kikuu cha nchi kilikuwa na chuo chake kishiriki kikuu Zomba, Chancellor College, chini ya mlima. Zomba ilikuwa imeacha kuwa makao makuu mwaka mmoja tu nyuma, serikali ilipohamia Lilongwe. Banda alikuwa rais wa maisha tangu 1971. Naomba niwakumbushe vijana sheria za nchi ile zilikuwaje, maana bila hayo hamtaona kwa nini nasema kitabu hiki ni chetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 yalitokea mauaji ya kutisha maeneo ya Chilobwe, Blantyre. Washtakiwa wakafikishwa Mahakama Kuu, wakaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Bunge likachukia. Sheria zikabadilishwa: mahakama za jadi zikapewa mamlaka ya kusikiliza kesi za mauaji na baadaye uhaini, na kutoa hukumu ya kifo. Mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu humo. Rufaa haikwenda Mahakama Kuu. Majaji Waingereza wakajiuzulu.

Yote haya yalifanyika kwa sheria, wakuu. Yalipigiwa kura bungeni, yakasainiwa, yakatangazwa. Vivyo hivyo sheria ya mavazi ya 1973 iliyomkataza mwanamke kuvaa suruali au sketi fupi. Vivyo hivyo sheria ya kutaifisha mali ya mtu bila kesi. Ukimuuliza mwanafunzi aliyemeza somo nusu-nusu, atakuambia zilikuwa sheria halali kwa kuwa zilipita utaratibu.

Na mwaka huohuo wa 1976 ndio walimu wa chuo hicho walikuwa wanakamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Mwaka 1977 Albert Muwalo, aliyekuwa katibu mkuu wa chama tawala, alihukumiwa na mahakama ya jadi akanyongwa Septemba. Yaani mtu aliyekuwa ndani kabisa ya mfumo alimezwa na mahakama ambayo serikali yake iliijenga.

Sisemi kitabu kinamhusu Banda. Ni kitabu cha falsafa, kinamjibu Hart, kinamjibu Joseph Raz wa shule hiyohiyo ya Hart, kinamchambua Thoma na Aristotle. Ninachosema ni kwamba sura ya 12, ile ya sheria dhalimu, mwandishi wake alikuwa ameishi mahali ambapo swali hilo lilikuwa linalala na kuamka na watu. Mimi nikiisoma siwezi kulisahau hilo.

#6 (mchangiaji)

Naongezea hapo mleta uzi. Orton Chirwa, mwanasheria mkuu wa kwanza wa Malawi, baada ya mgogoro wa baraza la mawaziri wa 1964 alikimbilia huku kwetu Tanzania na mkewe Vera, ambaye ni mwanamke wa kwanza kuwa mwanasheria Malawi. Desemba 1981 walikamatwa mpakani mwa Zambia wakapelekwa Malawi. Kesi ilisikilizwa na mahakama hizohizo za jadi. Mtu aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa nchi alijitetea mwenyewe bila wakili! Walihukumiwa kifo, hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Mzee alifia gereza la Zomba Oktoba 1992. Mama aliachiwa Januari 1993.

Na mshairi Jack Mapanje, mwalimu wa Chancellor College hiyohiyo, alikaa ndani kuanzia Septemba 1987 mpaka Mei 1991 bila kushtakiwa kwa kosa lolote.

#7 (mchangiaji)

Kwa hiyo Finnis anasemaje? Sheria dhalimu si sheria, tusiitii? Maana huo msemo tuliukariri chuoni kama ndiyo msimamo wote wa sheria ya asili.

#8 (mleta uzi)

Asante #6 kwa hayo. #7, umegusa kiini.

Watu wengi wanamnukuu Agostino na Thoma kwa msemo huo mmoja, halafu wanaucheka: mtu anahukumiwa kwa sheria, anakaa jela kwa sheria, wewe unasema si sheria? Finnis anasema mapokeo hayakuwa mepesi hivyo. Thoma mwenyewe anaziita sheria hizo sheria, kisha anasema zina asili ya ukatili kuliko ya sheria. Maneno yote mawili yamo pamoja.

Njia ya Finnis ni hii. Kila jambo la kibinadamu lina mfano wake kamili na mifano yake pungufu. Rafiki asiye mwaminifu unaweza kumwita rafiki, kila mtu ataelewa, na bado ukasema kwa haki kabisa kwamba huyo si rafiki. Hakuna anayekuona unajipinga. Sheria nayo, mfano wake kamili ni ule uliotungwa kwa mamlaka halali, kwa manufaa ya wote, kwa utaratibu, na kwa kugawa mizigo kwa haki. Ikipungua, bado mahakama zitaitaja kama sheria, na mwanasheria anayemshauri mteja lazima amwambie ipo. Ila imepoteza kile kilichoipa haki ya kutudai utii katika dhamiri.

Halafu anachambua udhalimu wenyewe, na hapa ndipo napompenda, maana haridhiki na kusema "mbaya" tu. Mtawala anaweza kutumia mamlaka kwa faida yake au ya kundi lake. Anaweza kuvuka mipaka ya mamlaka aliyopewa. Anaweza kutunga jambo lenye maudhui mazuri kwa njia isiyo halali. Au sheria yenyewe inaweza kugawa vibaya, ikamnyima mtu kilicho haki yake kama binadamu. Chukueni mahakama za jadi za Malawi mzipitishe humo, muone zinakwama wapi na wapi.

Sasa utii. Finnis anasema mtawala aliyetunga sheria dhalimu hana haki ya kutiiwa kwa sheria hiyo. Lakini hasemi kila raia aivunje. Panapokuwa na mfumo ambao kwa sehemu kubwa ni wa haki, kuivunja hadharani sheria moja mbaya kunaweza kuwafundisha watu kudharau hata sheria nzuri zinazowalinda wanyonge. Hapo raia anaweza kuwa na wajibu wa pembeni wa kuitii, kwa ajili ya jirani zake, si kwa ajili ya mtawala. Wajibu huo una mipaka: sheria ikikuamuru utende uovu wenyewe, mathalani kumtesa mtu au kumuua asiye na hatia, hapo hakuna cha kupima, unakataa. Na mtawala anabaki na wajibu wake wa kuifuta.

Ona tofauti. Yule anayesema "sheria ni sheria" anampa mtawala kila kitu. Yule anayesema "sheria mbaya si sheria, tupa" hana la kumwambia hakimu wa wilaya ambaye kesho saa tatu asubuhi ana kesi mezani. Finnis anazungumza na hakimu huyo. Anamwambia aanze na kujiuliza: hapa naulizwa kama mtaalamu wa sheria ya nchi, au kama mtu mwenye dhamiri? Ni maswali mawili, na yote mawili lazima yajibiwe.

Hata sisi tusijione watakatifu. Sheria yetu ya kuweka watu kizuizini ni ya 1962, mwaka wa kwanza baada ya Uhuru, na tamko la haki za binadamu liliingia kwenye katiba yetu 1984 tu.

#9 (mchangiaji)

Huyu si ndiye yule ambaye wanafunzi wa Oxford walitaka aondolewe? Naona unapamba tu upande mmoja.

#10 (mleta uzi)

Ndiye, na nisingeuficha upande huo.

Katika miaka ya 1990 Finnis aliandika akipinga mahusiano ya jinsia moja, kwa hoja za falsafa yake kuhusu ndoa na kwa lugha kali. Mwaka 1993 alitoa ushahidi wa kitaalamu Colorado katika kesi iliyohusu marekebisho ya katiba ya jimbo yaliyokataza kuwapa mashoga na wasagaji ulinzi maalumu wa kisheria. Upande wa pili alisimama Martha Nussbaum, mwanafalsafa Mmarekani, na mabishano yao kuhusu Plato na Wagiriki yalikuwa makali kweli. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1996, marekebisho hayo yalibatilishwa. Upande aliokuwa anausaidia Finnis ulishindwa.

Januari 2019 wanafunzi wakaanzisha waraka wa kutaka asifundishe tena semina Oxford, wakinukuu maandishi hayo. Waliosaini walifika mamia. Chuo kikajibu kwamba kinalinda uhuru wa kitaaluma, na kwamba ubaguzi dhidi ya mwanafunzi ni jambo jingine ambalo hakilivumilii. Finnis akasema anasimamia alichoandika.

Msimamo wangu nauweka wazi. Mwanafunzi anayesoma maneno fulani na kuhisi yanamwondolea utu wake, maumivu yake si ya kupuuzwa, na zipo sentensi za Finnis ambazo mimi nisingeziandika. Lakini hoja iliyochapishwa hujibiwa kwa hoja. Nussbaum alifanya hivyo, Stephen Macedo alifanya hivyo, na waliomjibu hivyo wamemfanya mpaka leo asomwe kwa uangalifu zaidi.

Na mnaodhani basi ni mtu wa kambi fulani ya siasa tu, ngojeni kipande kinachofuata.

#11 (mleta uzi, inaendelea)

Mwaka 1987 Finnis, Boyle na Grisez walitoa kitabu kuhusu silaha za nyuklia. Kumbukeni enzi zile: Thatcher yuko London, Reagan yuko Washington, na msimamo wa wahafidhina wote ulikuwa kwamba bomu ndilo linalolinda amani. Hawa watatu, wahafidhina kwenye karibu kila kitu, wakasema hapana. Hoja yao imetoka moja kwa moja kwenye yale mema ya msingi. Uhai wa asiye na hatia hauwezi kuwekwa kwenye mizani na kitu kingine, kwa sababu mema hayo hayana kipimo kimoja cha kuyalinganisha. Kumtishia adui kwamba utaiteketeza miji yake ni kuwa na nia, hata kama ni ya masharti, ya kuua watu wasio na hatia. Nia hiyo ni uovu leo, hata kama bomu halitarushwa kamwe. Kwa hiyo nchi za Magharibi ziliache, hata zikiliacha peke yao, hata kama Warusi hawataliacha.

Hawakudanganya kwamba itakuwa salama. Walikiri kwamba kuliacha kunaweza kuleta hasara kubwa, na wakasema hata hivyo. Mimi sijui wanazuoni wengi waliokuwa tayari kuwaudhi rafiki zao kiasi hicho kwa sababu tu hoja imewafikisha hapo. Kanuni ileile inayomfanya apinge utoaji mimba ndiyo iliyomfanya alipinge bomu la serikali yake, na wapenzi wake wa upande mmoja huwa wanainukuu nusu.

Mambo mengine nayapitia haraka. Mwaka 1980 hadi 1981 alikuwa mshauri wa kamati ya Bunge la Uingereza wakati Pierre Trudeau anataka katiba ya Kanada ihamishwe kutoka London bila kukubaliana na majimbo. Kamati ikasema Westminster, yaani Bunge hilo la Uingereza, haina lazima ya kugonga muhuri tu. Tangu 1986 mpaka 1991 alikuwa katika Tume ya Kimataifa ya Teolojia, Vatikani, na mwaka 1990 akachaguliwa katika Akademia ya Uingereza. Kuanzia 1995 alifundisha pia Notre Dame, Marekani. Mwaka 1998 akatoa kitabu kizima juu ya Thoma wa Akwino kama mwanafalsafa wa siasa na sheria. Alistaafu Oxford 2010, na mwaka uliofuata chuo kikatoa maandishi yake katika majuzuu matano. Australia ikampa nishani yake ya juu, AC, mwaka 2019.

#12 (mchangiaji)

Nasikia jaji Gorsuch wa Mahakama ya Juu ya Marekani ni mwanafunzi wake. Kwa hiyo Finnis ndiye anaongoza mahakama ile kwa mlango wa nyuma?

#13 (mleta uzi)

Ni kweli alimsimamia Neil Gorsuch kwenye uzamivu wake Oxford, uliokamilika 2004, kuhusu kusaidiwa kujiua na kuuawa kwa huruma. Robert George wa Princeton naye ni mwanafunzi wake. Lakini mlango wa nyuma haupo, angalia rekodi. Juni 2020 ni Gorsuch huyohuyo aliyeandika hukumu ya wengi kwamba sheria ya ajira ya 1964 inawalinda wafanyakazi mashoga na waliobadili jinsia wasifukuzwe kwa sababu hiyo. Hapo mwalimu na mwanafunzi wameachana njia hadharani.

Na katika kesi ya Dobbs, iliyohusu utoaji mimba mbele ya mahakama hiyohiyo, Finnis na George waliwasilisha hoja kwamba mtoto aliye tumboni ni mtu anayelindwa na Marekebisho ya 14 ya katiba. Hukumu ya Juni 2022 ilifuta Roe, ile hukumu ya zamani iliyotambua haki ya kutoa mimba nchi nzima, lakini hoja yao hiyo mahakama haikuichukua. Suala likarudishwa kwa majimbo. Mwalimu mzuri huwaachia wanafunzi akili zao.

#14 (mchangiaji)

Tukirudi Malawi, msisahau maaskofu. Machi 8, 1992, Jumapili ya Kwaresima, barua ya maaskofu saba Wakatoliki ilisomwa parokia zote za nchi. Walitaja njaa, mishahara, mahakama zisizo huru, watu kuogopa kusema. Polisi wakawaita na kuwahoji. Monsinyori John Roche wa Mzuzu, Mwailandi, akafukuzwa nchini. Juni 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi, na 1994 Banda akaanguka kwenye uchaguzi. Hapo ndipo niliposhuhudia sheria ya asili ikifanya kazi bila profesa.

#15 (mleta uzi)

Mkuu #14, umenisaidia sana. Sidai maaskofu wale walimsoma Finnis, wao walikuwa na Injili na mafundisho ya jamii ya Kanisa. Ila angalia walivyofanya: hawakuita watu wavunje sheria mitaani, walisema kweli kuhusu mamlaka inayotumika vibaya, kwa majina yao wenyewe, wakiwa tayari kwa gharama. Ukiiweka barua ile pembeni ya sura ya 12 zinaongea lugha moja.

Kwa mlioniuliza inbox waanzie wapi: tafuteni toleo la pili, la 2011, lina maneno ya nyongeza marefu ambamo anajisahihisha na kuwajibu wakosoaji. Sura ya kwanza ni ngumu, imejaa mabishano na kina Hart na Raz. Ikikushinda usiache kitabu, nenda sura ya tatu na ya nne, kisha ruka mpaka ya kumi, kumi na moja na kumi na mbili. Wa seminari waanze na sura ya pili, ndiyo itakayowagombanisha na walimu wao. Mwenye nakala ya maktaba ya chuo asikae nayo muhula mzima, wenzake wanaisubiri.